Saa Niliyokuwa Naisimamisha

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninapowasikia ninyi vijana mkibishana mtihani upi wa kujiunga na chuo ni rahisi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikishona kwa Baba Neema, fundi Mkongomani mwenye duka kule mtaa wa Malvern, kwenye barabara ya Jules. Chuo kimoja cha Marekani kilikuwa tayari kunisomesha bure, mradi nipate alama nzuri katika mmoja kati ya mitihani miwili. Wa kwanza ulikuwa na maswali mengi mepesi na dakika chache. Wa pili ulikuwa na maswali machache, magumu, na muda wa kufikiri. Kwa tarehe za mwaka ule, ningeweza kufanya mmoja tu.

Mimi ni mtu wa utaratibu tangu ujana. Kwa wiki sita nilifanya majaribio ya mitihani yote miwili pale dukani, saa ikiwa mbele yangu, na matokeo nikayaandika kwenye daftari nililolipiga mistari kwa rula. Mteja akiingia, nilisimamisha saa. Akitoka, niliiwasha tena. Niliona ni haki: dakika za mteja si zangu.

Jumamosi ile nikamwonyesha Baba Neema kwamba mtihani wa haraka umeshinda kwa mbali. Hakulitazama daftari.

"Weye, ile saa unasimamishaka kila mara. Kule kwa mtihani nani atakusimamishia?"

"Lakini Baba, kule hakuna wateja."

"Eish! Wateja ndio wanakupumzishaka! Unapima mtu kiuno, kumbe kichwa kinaendelea na hesabu." Akacheka, akakata uzi kwa meno. "Unafanana na wanaume wanavutaka tumbo nikiwapima. Suruali inawakaa vizuri pa kioo. Wakikula tu, kifungo kinaruka."

Nilicheka naye, kisha nikajiandikisha kwa mtihani wa haraka. Fundi wa suruali, nilijiambia, anajua nini kuhusu mitihani?

Tuliufanyia kwenye ukumbi wa shule moja huko mtaa wa Observatory. Msimamizi aliposema kalamu chini, katika sehemu ya hesabu nilikuwa na maswali kumi na manane sijayagusa. Machache kati ya hayo niliyowahi kuyaona niliyamaliza kichwani nikitembea kurudi Malvern, yote sahihi, yote hayana faida tena. Alama hazikutosha, na chuo hakikunisubiri.

Sikukata tamaa ya kujua. Nilinunua vitabu vilivyotumika, nikajifunza umeme na mitambo peke yangu, na leo natunza mashine za ubaridi kwenye maghala ya Midrand. Ila kuna jambo ambalo vitabu havijanipa. Natamani, hata sasa, kukaa darasani nimsikie wa kiti cha jirani akiuliza swali ambalo mimi nisingeliwaza. Nikipita karibu na chuo mchana, madirisha yakiwa wazi, napunguza mwendo wa gari.

Basi, mwanangu, usiulize mtihani upi ni rahisi. Ufanyie kila mmoja majaribio kwa masharti yake yote, bila kuinuka, na saa aishike mtu mwingine. Alama zitakuwa ndogo kuliko unavyopenda. Chagua kwa hizo hizo. Na anayekuona ukifanya kazi kila siku akikwambia neno, msikilize, hata kama mtihani wenyewe haujui kwa jina.

Mungu akutulize moyo siku hiyo, akupe kiti darasani, na akupe wenzako wa kusoma nao.