Mama Pindo na Kompyuta Iliyokatwa Kubwa

Siku Mama Pindo alipoyakuta maua ya marehemu mama yake kwenye viti vya baa, hakupiga kelele. Alikuwa amepeleka mapazia aliyoshona, akaambiwa akae amsubiri mwenye baa, na kabla hajakaa akatazama anapotaka kukaa. Lahaula! Maua yaleyale, shina lilelile lililopinda kushoto, na juu yake, eti, kipepeo. Mama yake, Mungu amrehemu, hakuwahi kudarizi kipepeo maishani mwake. Kiti cha pili kilikuwa na mlevi mnene, na Mama Pindo akamwambia anyanyuke.

"Kwa nini?" mlevi akauliza.

"Umemkalia mama yangu."

Mlevi akanyanyuka mbio, akaomba radhi, akaagiza soda.

Mhalifu alijulikana bila upelelezi. Mashine ya Mama Pindo ya kudarizi hupokea mchoro kwenye flashi, na mchoro lazima uchorwe kwenye kompyuta. Kompyuta ilikuwa kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwenye ofisi ya kuchapa na kutoa kopi. Mtaa mzima ulimwita Injinia, ingawa uinjinia wake ulianza na kuishia kwenye kubadilisha wino wa printa. Huko ndiko Mama Pindo alikokwenda kuchora maua ya mama yake, akiyafuata kutoka kwenye foronya kuukuu, kazi pekee ya mkono wa marehemu iliyobaki. Aliyachora kwa ajili ya gauni la harusi la mdogo wake. Injinia akayahifadhi, akayaongezea kipepeo, akamuuzia fundi wa viti.

"Shemeji, si niliyaboresha?" alijitetea.

Mama Pindo alimtazama kama doa kwenye kitambaa cheupe, akaondoka. Hapohapo akaapa kwamba hachori tena kwenye mashine ya mtu. Atajiundia kompyuta yake, ya vipande, ya bei ya chini. Mumewe, ambaye kazi yake kuu katika ndoa ile ilikuwa kukubali, alikubali.

Sasa, mtu akitaka kumwelewa Mama Pindo, aende akaangalie watoto wa shule wa mtaa ule. Sare zote kashona yeye, na zote zinawapwaya. Mikono inafika kwenye vidole, sketi zinafagia njia. Mzazi akilalamika, anajibiwa neno moja: "Atajaa." Ndiyo sera ya kazi yake na ya nyumba yake. Nguo hukatwa kubwa, mtoto atajaa humo.

Basi akaenda na sera yake hiyo hadi kwa muuza vipuri vya kompyuta, kijana mwembamba aliyeitwa Skrubu. Akachagua kasha kubwa kupita yote, mtu angeweza kufugia kuku humo. Akachagua mazabodi, ile bodi kuu ambayo kila kitu huchomekwa, ya mtumba na ya bei nafuu. Mpaka hapo sawa. Kwenye prosesa, yaani ubongo wenyewe, akanyooshea kidole toleo jipya kabisa.

"Mama, hiyo haiingiliani na bodi yako," Skrubu akasema. "Bodi ni ya zamani. Tundu lake ni lingine."

"Atajaa."

"Nani atajaa, mama?"

"Bodi. Ikizoea."

Skrubu akajaribu tena kwenye ramu, kile kipande chembamba cha kumbukumbu, akieleza kwamba nacho kina aina zake na cha kisasa hakikai kwenye bodi ya jana. Mama Pindo akamuuliza ameshona sare ngapi maishani mwake. Hajashona. Basi afunge mzigo, watu wana kazi.

Nyumbani akautandaza mzigo juu ya meza ya kukatia, akaweka mkasi pembeni kwa mazoea. Prosesa ikagoma kukaa. Akaigeuza, ikagoma. Ramu nayo ilikuwa na pengo chini, na pengo lile halikukutana na kijiti cha kwenye bodi hata ubembeleze vipi. Alipoingia mdogo wake akitoka kazini kwenye duka la dawa, akiwa na koti jeupe alilokunja mikono mara tatu, alimkuta dada yake kaishika ramu kwa mkono mmoja na kikata kucha kwa mwingine.

"Dada! Unafanya nini?"

"Naipunguza kiunoni."

Mdogo mtu akacheka hadi akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akasema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma: "Dada, tuache. Nimeshaongea na wale wanaoazimisha magauni. Lipo moja zuri tu. Tusiuane kwa ajili ya maua."

Mama Pindo akaweka kikata kucha mezani.

"Maua," akasema. "Unayaita maua. Wewe ulikuwa kwenye nepi mama alipofariki. Humkumbuki sura, humkumbuki sauti, na si kosa lako. Mimi namkumbuka alivyokuwa anakata uzi kwa meno. Namkumbuka peke yangu miaka yote hii, na nimechoka kumkumbuka peke yangu. Nilitaka siku hiyo awepo. Hata kama ni kwa uzi tu, awepo."

Mdogo mtu akajifuta macho kwa mkono wa koti, maana kitambaa kilikuwepo cha kutosha. Halafu akaivuta bodi, akaitazama, akaitazama na prosesa.

"Umeinunulia kama ulivyokuwa unaninunulia mimi viatu," akasema. "Nimesoma shule nzima nimejaza magazeti kwenye vidole. Dada, chuma hakikui. Rudisha hiyo prosesa, bodi uipe inayoitosha leo."

Ilimchoma. Alikuwa ameshatangaza kwa wateja wote kwamba anaweka ubongo wa kisasa kuliko wa Injinia. Lakini kuchagua kati ya ubongo na mama hakukuhitaji muda, akafunga mzigo, akaurudisha dukani.

"Mama, mimi si nilisema..." Skrubu akaanza kwa furaha.

"Ulisema. Usiseme tena. Nipe za rika moja na hiyo bodi, na uzichomeke hapahapa nione."

Skrubu akampa prosesa ya zamani inayoweza yenyewe kutoa picha kwenye skrini, na ramu ya aina yake. Ubongo ukakaa mahali pake bila kusukumwa. Ramu ikalia *tak*, na Mama Pindo akaguna kama mtu aliyepata kifungo kilichopotea. Kasha alikataa kulirudisha, akadai linapitisha hewa. Kila mtu lazima aachiwe heshima kidogo.

Mashine ikawaka kwenye meza ya kukatia, taratibu, ikiunguruma kama mzee anayeamshwa. Injinia alipita kuona, akatoa wazo la kipepeo, akaonyeshwa mlango. Mama Pindo akachora maua upya kutoka kwenye foronya, jani kwa jani, hata pale ambapo mama aliteleza akaruka mshono, akapaacha vilevile. Mashine ya kudarizi ikayala, ikayatoa juu ya hariri.

Mdogo wake alipolivaa gauni kulijaribu, alisimama mbele ya kioo. Akapitisha kidole kwenye kifua, shina hadi jani, akafika kwenye ule mshono ulioruka.

"Hapa ulikosea?"

"Hapo alikosea yeye."

Kidole kikabaki palepale muda mrefu. Machozi yakaanza kushuka, na dada mtu akamwekea kanga chini ya kidevu haraka, maana hariri hushika doa.

"Dada," akasema hatimaye, "hata bwana harusi asipotokea, mimi hili nalivaa."

"Atatokea, tutamfuata," Mama Pindo akasema, pini zikiwa mdomoni, naye akilia vilevile. "Simama wima, mama anakuangalia."