Stendi ya Mnoa Visu

Mwaka nilioumia goti niliswali miezi kadhaa nikiwa nimekaa kwenye kiti, na sijawahi kuchukia mbao kama nilivyozichukia zile. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo, mzima wa mwili ukiacha hilo goti na mwepesi wa ulimi, lakini nikifika msikitini napangwa pembeni na mabibi wenye miguu ya kuvimba. Wenzetu wanasujudu, sisi tunainama kidogo kwenye viti vyetu. Bibi mmoja alizoea hata kunishikia nafasi. "Njoo mwenzangu," ananiita. Mwenzangu! Nilimwamkia shikamoo kwa adabu zote, na moyoni nachemka.

Goti lenyewe liliumia nikiteremka na baiskeli kutoka huko juu mlimani kwenye migomba. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshalainisha udongo. Gurudumu la mbele likaenda zake, nami nikaenda zangu. Nilipofunguliwa hogo, ile plasta ya mguu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alilishika goti, akajaribu kulikunja, likagoma katikati. Akaniambia mfupa umeunga vizuri, ila goti limesahau kukunja, na dawa yake ni kukanyaga pedali kila siku. Nianze na siti ikiwa juu kabisa, niishushe kidogo kidogo kadiri goti linavyokubali. Baiskeli nisiitoe barabarani mpaka masika yaishe, maana nikianguka tena habari ya kukunja tutaisahau.

"Idi ya kuchinja nitaweza kusujudu?" nilimuuliza.

"Inategemea wewe."

"Basi nitaweza," nikamjibu, na wala sikuwa natania.

Kwa hiyo nilihitaji kitu cha kuinua gurudumu la nyuma, baiskeli isimame ndani ya chumba nami nikanyage bila kwenda popote. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Nilikuwa nimepanga mtaa wa Pasua, chumba kimoja na mwenzangu wa chuo, binti wa Kikristo ambaye baba yake anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita na korido katikati, na haikuwa na dari. Kuta zilikoma usawa wa vichwa vya milango, juu yake ni mbao na bati tupu. Mtu akipiga chafya chumba cha mbele, anaombewa afya na wa chumba cha nyuma.

Kwanza tulitafuta kwenye simu. Zipo stendi nzuri ajabu, za sumaku, zinazohesabu hata mapigo ya moyo, lakini bei yake ingetulipia kodi mpaka tuhitimu. Tukazipita. Kuna kijana mjini alikuwa anauza ile ya mapipa matatu membamba yanayozunguka, unaweka baiskeli juu yake na mizani unaitafuta mwenyewe. Mwenye magoti mawili mazima anaanguka, sembuse mimi. Ya tatu niliipata sokoni Bomang'ombe, kwa muuza mitumba ya vyuma. Ilikuwa na feni ndogo inayosukumwa na tairi, ukikaza mwendo nayo inakaza ubishi. Nilimshusha bei yule baba mpaka akaniuliza nimelelewa na nani. Nikamwambia mama yangu anauza kanga. Akasema, "Ndiyo maana," akanifungia mzigo.

Nilirudi Pasua nimevimba kichwa. Tukafunga baiskeli, mwenzangu akakaa kitandani kushuhudia, nikakanyaga. Mungu wangu! Ile feni ilinguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Bati likaitikia, kikombe kikatembea juu ya meza. Mtoto wa chumba cha pili akaangua kilio. Mama mwenye nyumba, ambaye usingizi wake wa mchana ni kama amana, akaingia bila hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mwanangu, hiki nini?"

"Baiskeli ya mazoezi, mama."

"Inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, mama."

"Basi isiende popote kimyakimya." Akaliangalia goti langu, sauti ikalainika kidogo, lakini neno halikulainika. "Nakuonea huruma, wallahi. Ila humu ndani mna mtoto mchanga, mna mgonjwa, na mimi mwenyewe nimo. Chombo hiki kikilia tena, utafute nyumba nyingine."

Alipotoka, mwenzangu akasema rahisi ni ghali. Nilitaka kumrushia mto. Stendi ilirudi Bomang'ombe, na yule baba akaipokea akicheka mpaka akashika meza.

Lakini nilikuwa nimejifunza, na nililojifunza nawaambia mpaka leo wanafunzi wanaoniuliza ninunue ipi. Kabla hujauliza bei, tazama juu. Kama hakuna dari, unachonunua ni kimya. Mengine yote yatafuata.

Siku zikaenda, masika yakakolea, goti likazidi kukakamaa. Naweza kusema niliogopa. Nilijiona nimekuwa bibi kabla ya kuwa mama, nashikiwa nafasi na wazee maisha yangu yote. Alasiri moja mvua ikiwa imepumzika nilikaa barazani, mguu umenyooka mbele yangu, akapita mnoa visu. Watu wa kazi hii nimewaona tangu nina akili. Akaiegemeza baiskeli yake, akashusha stendi yake ya chuma, gurudumu la nyuma likainuka juu ya ardhi, akapanda na kuanza kukanyaga. Mara hii sikuangalia jiwe. Nilisikiliza. Kabla hajagusisha kisu, ile baiskeli ilikuwa inanong'ona tu, cheni na upepo kidogo wa spoki. Nilisimama hata nikasahau kuchechemea.

"Aisee dada, lete kisu."

"Sina kisu. Nataka stendi."

Alinikazia macho. "Leo stendi, kesho jiwe, keshokutwa wateja wangu."

Nikapandisha dera kidogo nikamwonyesha goti na kovu lake. Aliliangalia kwa makini, kisha akasema nyumbani kwake Shirimatunda kuna stendi ya baiskeli yake ya zamani, nzito, haina kazi, na angeniuzia kwa bei ya chuma chakavu. "Ila jiwe sikuuzii. Na akikupa mtu mwingine, usilifunge." Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Nikaapa palepale, mbele ya mama mwenye nyumba, aliyekuwa dirishani akijifanya anaanika kitambaa.

Aliileta kesho yake. Tulitandika gunia na kipande cha godoro chakavu chini ya miguu ya stendi ili isigonge sakafu. Uzito wa kukanyagia tuliupata kwa kukaza breki ya nyuma kidogo, na kila goti lilipozoea, tulikaza tena. Nikiwa katikati ya zoezi la kwanza nikamwona mama mwenye nyumba mlangoni, safari hii amepiga hodi, ameinamisha kichwa anasikiliza.

"Utaanza saa ngapi?"

"Nimeshaanza, mama."

Akaguna, akarudi kulala.

Kushusha siti ilikuwa kazi ya mwenzangu. Anakamata spana, analegeza, anashusha upana wa kidole, anakaza. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame," ananiambia, na mimi namjibu maneno ambayo hayaandikiki. Niliumia. Kuna siku nililia waziwazi nikikanyaga, na yeye akanisomea kwa sauti madaftari yake ya uhasibu mpaka nikalia kwa kuchoshwa na uhasibu. Siti ilishuka mpaka nikaonekana mtu mzima aliyepora baiskeli ya mtoto. Kanga za mama zilifika kutoka nyumbani, za kuvaa siku ya Idi, na sikumwambia chochote kuhusu maendeleo ya goti. Nilitaka aone mwenyewe.

Idi ilipokaribia, alasiri moja, mwenzangu yuko kitandani na vitabu vyake, nilitandika mkeka na kiti nikakisukumia ukutani. Sikumwambia mtu. Nikarukuu, nikanyanyuka, kisha nikashuka. Goti zima likatangulia. Lile jingine likavuta, likauma, likafikiri, kisha likakunja. Viganja chini. Paji la uso likagusa mkeka.

Nikabaki hapohapo. Nilikuwa na mengi ya kumwambia Mola wangu ambayo juu ya kiti hayakuwahi kutoka, na machozi yalikuwa yananidondoka kuelekea kwenye nywele.

"Umekwama?" sauti ya mwenzangu.

Ndani ya swala mtu hazungumzi na watu.

"Jamani, umekwama?" Kitanda kikalia. Nikasikia miguu yake, kisha mikono yake ikaingia chini ya makwapa yangu, tayari kuninyanyua. Sikusogea. Akasita. Halafu naye akapiga magoti, akalaza shavu sakafuni, uso wake ukawa mkabala na uso wangu, akanitazama.

Taratibu akaitoa mikono yake.

"Haya," akanong'ona. "Kaa hukohuko."