Parachichi la Kupimia Rangi

Hilario wa Makambako alikuwa mtu asiyeyaamini macho yake mwenyewe, na kwa mpiga picha huo si ugonjwa mdogo. Alikuwa na shahada ya sosholojia, studio yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na mke, Matilda, ambaye kila asubuhi aliulizwa swali lile lile.

"Mama, shati hili ni jeupe, au linaelekea njano?"

"Ni shati. Livae."

Mashaka hayo hayakuzuka hivi hivi. Aliwahi kuipiga picha kwaya moja katika majoho mapya ya zambarau. Katika kishikwambi chake majoho yaling'aa kifalme. Yalipochapwa yakawa rangi ya chai ya maziwa. Na katika simu za waimbaji, kila mmoja aliona lake. Hadi leo huitwa Kwaya ya Maziwa. Kisha ikaja harusi ya ukoo ambapo rangi ya sare ilitumwa kwa picha, na siku yenyewe nusu ya ndugu wakaingia kanisani na kijani, nusu na bluu. Kamati haikulaumu simu. Ililaumu picha, na picha ilikuwa ya Hilario.

Kwa hiyo Dainess, binti wa kaka yake Sadock, alipochumbiwa na Lenard wa Njombe, Sadock hakumung'unya maneno mbele ya kamati.

"Hilario, wewe ni mdogo wangu, tumbo moja ziwa moja. Lakini safari hii rangi zikipishana, kamera ya ukoo anaishika Faustine."

Faustine alikuwa kijana mwenye kamera inayoruka angani, na hakuwa na shaka yoyote juu ya jambo lolote. Hilario alikuwa akimpiga picha Dainess tangu siku ya ubatizo wake. Kuikosa siku ya ndoa yake lingekuwa jambo la kufa nalo.

Sare iliyochaguliwa ilikuwa ya kijani kibichi. Upande wa bibi harusi ungenunua vitambaa Makambako, upande wa bwana harusi ungenunua sokoni Njombe, na kati yao pangekuwa na picha tu. Hilario alijifungia studio akatafakari. Kila kioo cha simu, aliona, kina uongo wake: hiki huongeza bluu, kile kina ule mwanga wa njano wa kulinda macho, kingine kimewashwa mwangaza hadi sura za watu zimepauka kama unga. Kilichohitajika ni shahidi, kitu ambacho kingekuwa ndani ya picha na wakati huohuo mkononi mwa mtazamaji.

Akaenda shambani kwake Kitandililo, akachuma maparachichi mawili ya aina ya hass yaliyofanana kama mapacha, akayalaza juu ya kitambaa na kuyapiga picha. Kanuni ikawa rahisi: shika tunda kando ya simu, rekebisha rangi za kioo hadi tunda la pichani lifanane na la mkononi, kisha ndipo uamini kitambaa.

"Si ungewapelekea tu kipande cha kitambaa?" Matilda akauliza.

Hilario alitabasamu kwa huruma ya msomi. "Kitambaa huchujuka, mama. Hupauka kwa jua. Asili haibadiliki."

Hapa yafaa msomaji ajue kwamba katika nyumba ile hakuna aliyewahi kula hass. Hass ni la kuuza: huchumwa likiwa gumu na la kijani, likaingia kwenye kreti, kreti likaingia kwenye lori, na lori likatokomea. Yaliyoliwa mezani yalikuwa ya kienyeji, ambayo huiva bila kuacha ukijani wake. Hilario alilijua hass kama mtu amjuavyo mgeni aondokaye kila mara kabla ya chakula.

Jumapili, baada ya ibada, alirekebisha simu zote za ndugu wa Makambako kwa mkupuo mmoja. Jumatatu akaenda Njombe kwa Telesia, shangazi wa bwana harusi, na tunda la pili likiwa limeviringishwa ndani ya leso.

"Kamwene, shangazi."

"Kamwene, mkwe." Telesia alichungulia nyuma yake kutafuta kikapu. "Nyumba nzima hii, parachichi moja?"

"Hili si la kula. Ni kipimo. Kila ndugu atakayekuja kuchukua rangi, simu yake irekebishwe kwa tunda hili. Simu na tunda vikipingana, amini tunda."

"Na macho yangu na tunda vikipingana?"

Hilario, aliyekuwa amelifikiria swali hilo maisha yake yote, hakusita. "Amini tunda, shangazi. Macho ndiyo adui mkubwa."

Telesia alikuwa mwanamke wa kushika neno. Kwa kuihofia baridi ya Njombe, aliliweka tunda kwenye rafu juu ya jiko, palipo na joto zuri.

Eveline, dada wa bwana harusi, alikuja jioni ileile. Nelly, ndugu yao mwingine, alikuja katikati ya wiki. Mjomba Alfonsi aliteremka kutoka Tandala siku ya Ijumaa, akalitazama tunda kwa muda.

"Dada, hili limeungua?"

"Ndivyo lilivyo. Msomi kasema."

"Mbona kwenye picha naona kijani?"

"Simu yako ndiyo mgonjwa. Endelea kuburuza."

Alfonsi akaburuza rangi hadi mwisho wa uwezo wa simu, na hata picha ya ng'ombe wake mweupe ikafanana na kiboko. Kisha akaenda sokoni na simu hiyo mkononi.

Siku ya harusi, ndugu wa Makambako walisimama nje ya kanisa wakiwa kijani kitupu, na Hilario akajisikia mtu. Basi la kukodi kutoka Njombe likafika. Akashuka Eveline: kijani. Akashuka Nelly: kahawia. Wakafuata wengine wenye rangi zisizo na jina, na mwisho Alfonsi na Telesia, katika zambarau iliyokolea hata ikakaribia msiba. Kwa mara ya kwanza Hilario alitamani macho yake yawe yanamdanganya. Sadock alikuwa amekwisha kumgeukia Faustine, na Faustine alikuwa akifungua zipu ya begi.

"Shangazi," Hilario akanong'ona, "lile tunda liko wapi?"

"Nimelila, mkwe, kwa chumvi. Lililegea mno kupimia." Telesia alimsogelea. "Kumbe tamu hivi! Mnawapelekea Wazungu kwa nini?"

Hilario akaitazama zambarau ya gauni lake, akakitazama kijani cha Eveline, na kila kitu kikamjia kwa pamoja: hass, likiiva, huacha ukijani na kuwa jeusi. Akapaza sauti iliyomshangaza hata yeye.

"Waliokwenda kwa shangazi Jumatatu, huku! Jumanne, wafuate! Mjomba Alfonsi, kule mwisho kabisa!"

Walijipanga wakinung'unika, na wakati huo kamera ya Faustine ikaanza kunguruma juu yao. Ndugu wa Makambako walikuwa mwanzo wa mstari, Alfonsi na Telesia mwisho, na kati yao kijani kikazama polepole hadi weusi. Dainess akaanza kucheka hata shela ikamtoka.

"Baba mdogo, tunaiva! Faustine, shusha hicho kidude, unatutimulia vumbi. Anapiga baba mdogo."

Sadock alimtazama binti yake, akautazama mstari, akakohoa. "Haya. Piga basi, kabla hatujaoza."

Wiki iliyofuata picha ilitumwa kwenye kundi la ukoo, ikapongezwa na kila mtu. Alfonsi, ambaye simu yake haikurekebishwa tena, aliandika: "Picha nzuri sana, ila kwa nini wote tulivaa nyeusi?"

Hilario aliusoma ujumbe, akaufikiria, akaupeleka mezani kwa Matilda, aliyekuwa akipasua hass lililoiva.

"Mama, kweli ni nyeusi?"

"Ni harusi," akasema Matilda. "Kula."