Kamba za Urefu wa Samaki

Nilibaki na mada yangu ya utafiti kwa sababu ya ndoo moja ya matumbo ya samaki. Niliipeleka kwenye mkutano wa maabara nikiwa nimeipakata nyuma ya toleka, baiskeli ya kubeba abiria, kutoka ufukoni hadi chuoni. Mwendesha baiskeli alivumilia mpaka nusu ya njia.

"Mama, hii kitu ilikufa lini?"

"Leo asubuhi."

"Asubuhi ya juma gani?"

Ilianza hivi. Ninachunguza samaki wa mto wetu wanakula nini maji yakijaa, na nini maji yakipungua. Jibu limo tumboni mwao, kwa hiyo nahitaji samaki ambaye hajapasuliwa. Nilimchagua muuzaji mmoja, mama wa makamo anayevuka kila asubuhi kwa mtumbwi kutoka Lubunga na beseni mbili za samaki wabichi. Siku ya kwanza nilinunua mboto watano. Nikainamisha kichwa kuandika tarehe na saa kwenye daftari. Nilipokiinua, samaki wote walikuwa wameparuliwa magamba, wamepasuliwa, wameoshwa, na matumbo yao yalikuwa yanagombaniwa na bata.

"Matabisi yako," akasema mama. Hiyo ndiyo nyongeza anayompa mteja mwanamke: anamfungulia samaki bure, ili akifika nyumbani awatie sufuriani tu.

Siku ya pili nilichagua wanne, nikamwahi. "Mama, tafadhali, usifungue."

Alinitazama, kisu mkononi. "Umegombana na bwana yako?"

"Hapana."

"Juu mwanamuke anapikia bwana samaki na matumbo yake kama iko na hasira. Mutoto yangu, samehe ule mutu." Akafungua wote wanne, kwa ajili ya amani ya nyumba yangu. Mume wangu, ambaye hakuwa na kosa lolote, alikula samaki juma zima.

Siku ya tatu nilimweleza wazi kwamba ninachotaka ni matumbo yenyewe. Akanipapasa paji la uso, kisha akauliza kwa sauti ya chini mimba ina miezi mingapi.

Mwenzangu wa maabara, mwanamume, asistanti kama mimi, alikwenda kwenye beseni zilezile akarudi na samaki sita wazima. Nilimuuliza alitumia maneno gani. Hakutumia neno lolote. Mama alimfungia tu kwenye majani akisema, "Papa, upelekee mama nyumbani atengeneze. Wewe utajikata vidole." Mwenzangu hajaoa.

Ijumaa profesa wetu alihesabu mitungi ya formoli, dawa ya kuhifadhia samaki. Ya mwenzangu ilikuwa sita. Yangu ilikuwa mitupu, imeoshwa vizuri na kupangwa kwa ukubwa.

"Bon, Asistanti," akaniambia bila ukali, "Ijumaa ijayo kama hakuna kitu, mada itakwenda kwa mwenzako. Wewe utaandika ripoti. Uko na mwandiko mzuri."

Mada ile niliitafuta miaka miwili. Jumatatu nilifika ufukoni kabla ya mama, nikakaa juu ya ndoo yangu, na alipotua beseni zake sikununua kitu. Nilimwambia, "Mama, fungulia watu wote samaki kama kawaida. Yale unayotupia bata, nipatie mimi. Lakini nataka nijue kila tumbo limetoka kwa samaki gani, na urefu wake."

Alifikiri kwa muda wa kuuza mafungu mawili. Kisha akavuta ile kamba ya mti anayofungia samaki, akailaza kando ya mboto kutoka mdomo hadi mkia, akaikata. Tumbo akalikunja katika jani la kufungia chikwangue, ule mkate wa muhogo, akalifunga kwa kamba hiyohiyo, akapiga fundo moja mwishoni.

"Urefu, iko hii kamba. Fundo moja, mboto. Mbili, ngolo. Tatu, mbenga. Donc unajua kila kitu."

Nilimuuliza na bata je. "Watazoea," akasema.

Ijumaa ndoo ilikuwa na vifurushi sabini na viwili. Profesa aliinyoosha kamba moja kwenye rula, akainyoosha ya pili, akavua miwani. Kesho yake alikwenda ufukoni mwenyewe kuthibitisha mbinu. Alirudi na ngolo mzima amefungwa kwenye majani, apelekee mama nyumbani. Mada ikabaki kwangu.

Mwezi uliopita nilimaliza makala ya kwanza. Juu yake niliandika majina matatu: langu, la mama muuzaji, la profesa. Profesa alipiga mstari wa penseli juu ya jina la katikati. "Huyu tunamuweka kwenye shukrani."

Nilimpelekea mama habari hiyo mwenyewe, maana hakuna aliyejitolea.

"Shukrani iko wapi?"

"Kwa mwisho wa makala, na herufi ndogo."

"Na Profesa?"

"Juu. Jina la mwisho. Kwetu wa mwisho ndiye mukubwa."

"Alifungua samaki ngapi?"

Nilisema ukweli, kwamba hakufungua hata mmoja.

"Bon. Yeye ndiye aende kwa shukrani."

Nilimfikishia profesa maneno hayo, nikipunguza kidogo. Alicheka, akasema atafikiri. Makala bado iko mezani kwake, chini ya kikombe, na mstari wa penseli haujafutwa wala haujakolezwa kwa wino.

Mama naye hajakasirika. Bado ananiita mutoto yangu, na bado ananiwekea vifurushi kila asubuhi, kila kimoja na kamba ya urefu wa samaki wake. Ila tangu Jumatatu kamba zote zinakuja bila fundo: urefu ninao, jina la samaki sina.