Mke na baba mkwe wake walivyochagua miji ya Ulaya, Mwaya enzi za Mjerumani

Wakuu, ugonile! Salamu za Kyela hizo, pokeeni tu hata kama hamjui kuitikia.

Nimepitia ule uzi wa miji mizuri ya kutembelea Ulaya. Kila mtu Paris, Paris, na wengi wenu hata Mbeya hamjafika. Basi nami niwape kisa cha nyumbani kwetu. Sijaongeza chumvi. Bibi aliyenilea pale Bondeni alikisikia kwa mama yake mzazi, na bibi yangu uongo ulikuwa unampa homa.

Mama yake bibi aliitwa Tusajigwe. Enzi za Mjerumani alikuwa yaya kwa mmisionari mmoja karibu na Mwaya. Mpishi wa nyumba hiyohiyo alikuwa baba mkwe wake.

Kwa wasio wa huku: Mnyakyusa wa zamani, mke na baba mkwe wake hawakutani. Hawatazamani, hawasemeshani, hawapiti njia moja. Mke akimwona mzee kwa mbali anajitupa migombani mpaka apite. Walikuwa wameshabatizwa wote wawili, lakini mwiko huo, maji ya ubatizo hayakuuondoa.

Sasa mtauliza, waliwezaje kufanya kazi nyumba moja? Mzee alikuwa kila akitoka jikoni na chakula anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa. Tusajigwe akisikia tu, anambeba mtoto na kutokea mlango wa nyuma. Yule mama wa kizungu, mke wa mmisionari, alikuwa akijisifu kwa wageni kwamba hajawahi kuona mpishi mcha Mungu kiasi kile. Nacheka mpaka leo.

Ikafika mwaka wazungu wanakwenda kwao likizo. Wakasema watakwenda na mpishi na yaya, kisha watawarudisha. Na kila mmoja achague mji mmoja wa kuonyeshwa.

Tusajigwe hakulala vizuri tena. Alikuwa mtu wa kuuliza: moshi wa meli unatoka wapi, kwa nini kioo cha taa hakiungui. Alitaka kwenda kwa roho yake yote, na mumewe, aliyekuwa akipakia mizigo kwenye meli ya ziwani pale Mwaya, alimkubalia.

Mama wa kizungu akampangia picha za miji mezani. Ya kwanza Berlin: barabara moja pana, watu wamejaa kama siku ya soko.

Tusajigwe akaitazama weee, halafu akauliza, "Wote hawa wanapita njia hii moja? Sasa mtu akikutana na baba mkwe wake anakimbilia wapi? Migomba iko wapi?"

Mama wa kizungu akacheka mpaka akashika kiti. Tusajigwe hakuona cha kuchekesha.

Akapewa picha ya Hamburg. Maji kila mahali, daraja hapa, daraja pale.

"Huku ndiko," akasema. "Hawa watu wana adabu. Wamejenga madaraja mengi ili wakwe wasikutane."

Wakuu, msimcheke. Nyie mnachagua mji kwa ajili ya selfi.

Zamu ya mzee ilipofika, alichagua Berlin palepale. Alitaka kuona huyo Kaisari, mfalme wa Wajerumani, anayetajwa kila siku analala nyumba ya namna gani.

Jioni mume wa Tusajigwe akarudi kutoka kazini, akasimuliwa. Akasema, "Mke wangu, sehemu ya watu weusi kwenye ile meli ninayopakia, mtakayoanzia safari, ni ndogo kama jiko letu. Wewe na baba mtakaa wapi?"

Hapo ndipo furaha ilipokatika. Mmisionari aliposikia, alisema ni upuuzi, wakae tu pamoja. Rahisi kwake kusema.

Ikabidi mmoja abaki. Na hawa watu hata kujadiliana hawawezi! Mume ndiye akawa anatembea katikati.

"Baba anasema uende wewe, yeye amezeeka."

"Mwambie aende yeye. Mimi bado nina miaka ya kuishi."

Siku kadhaa ikawa hivyo. Mwisho Tusajigwe akaacha kwenda kazini, ili mzee asibaki na la kubishania. Meli ilipoondoka alikuwa shambani. Alilia sana, na hakuficha. Kila alipomsimulia bibi yangu sehemu hii, sauti ilibadilika.

Mzee alirudi mpunga wa mwaka uliofuata ukiwa umeshavunwa. Watu wakajaa uani. Tusajigwe akakaa ndani, nyuma ya ukuta wa mianzi, anasikiliza.

"Tuambie, Kaisari anakaaje?"

"Sijui," mzee akasema. "Berlin sikufika. Waliponiuliza mji wangu nikasema Hamburg."

Watu wakaguna. Yeye akageuza kiti, akampa mwanawe mgongo na kuuelekea ukuta, lakini akawa anasema, "Mwanangu, sikiliza." Akaeleza baridi, mikate, meli kubwa, mitumbwi inayopita chini ya barabara. Alieleza mpaka giza likaingia, bila kuruka kitu.

Alipomaliza, sauti ikatoka ndani: "Baba watoto, mwambie baba ndaga fijo."

Mzee alikuwa hatua chache tu, amesikia kila neno. Hata hivyo akasubiri mwanawe amfikishie hizo shukrani, ndipo akaitikia.

Nilichojifunza mimi: watu tunaweza kupendana sana bila kuonana usoni, na heshima haimzuii mtu kuujua moyo wa mwenzake.

Haya, leteni komenti. Ukipewa mji mmoja tu wa Ulaya, utakwenda kuutazama kwa niaba ya nani?