Kalipa za Mama Mkwe

Fundi alikuwa na miaka thelathini kwenye kazi ya breki, na mara mbili alimwambia mama mkwe wake kwamba gari lake kuukuu halina kasoro. "Kanyaga kwa nguvu kidogo, Mama. Utazoea."

Mara ya tatu mama mkwe alikuja, taa ya gari imevunjika. Alikuwa amegonga geti lake mwenyewe.

Fundi alikanyaga pedeli ya breki, ikabonyea kama sponji. Akatoa upepo ulionaswa kwenye mabomba ya breki ya magurudumu yote manne. Mafuta ya breki yalitoka safi, bila povu, lakini pedeli ikabaki laini vilevile. Alipochuchumaa kwenye magurudumu ya mbele ndipo akaona nati za kutolea upepo zimeelekea chini, ilhali upepo hukaa juu, hivyo haukuweza kutoka. Kalipa ya kulia, kile chuma kinachobana breki kwenye gurudumu, ilikuwa kushoto, na ya kushoto kulia. Mwezi uliopita alizifunga yeye mwenyewe.

Masikio yake yaliwaka kwa aibu. Alimwendea mama mkwe kwenye benchi, macho chini. "Mama, kosa ni langu. Nilizifunga kinyume."

"Na mimi niliacha kuwabeba wajukuu kwenye gari," mama mkwe alisema. "Nilidhani miguu yangu imezeeka."

Fundi alizifunga upya kila moja upande wake, akatoa upepo tena, pedeli ikasimama imara. Mama mkwe alimshukuru, naye akainama kuitengeneza ile taa iliyovunjika.