Managu ya Bilha

Bilha hakumwamini mtu na managu yake. Mboga hiyo watu wa pwani huiita mnavu. Mbegu alikuja nazo kutoka Kisii, zimefungwa kwenye pindo la leso, alizopewa na mamake aliyefariki mwaka uliofuata. Hakuwa na nyingine. Kila kiangazi, kwenye kibaraza chake cha chini hapa Silver Spring, Marekani, alichuma majani ya mboga na kuacha shina moja lizae. Vitunda vikishaiva vikawa vyeusi, alivikamua, akachanganya na jivu la jiko la nyama choma, akaanika mbegu za mwaka ujao.

Kiangazi kilichopita vitunda vilianza kupungua. Jumatatu vyeusi vilikuwa kumi na vinane, Alhamisi tisa.

"Mum, it's just birds," binti yake Abigail alimwambia, macho kwenye simu.

Ndege gani huyo anayekata kikonyo kwa ukucha? Bilha akamshuku Mwatime wa ghorofa ya juu, mzaliwa wa Kwale, aliyewahi kumwomba mbegu akanyimwa kavu kavu. Mimi nafanya kazi na Bilha ya kutunza wazee, nampenda, lakini uchoyo ule ulinikera. Wakikutana kwenye mashine za kufulia, aliitikia salamu kwa mdomo nusu huku akimkagua Mwatime vidole, kama vina madoa ya zambarau.

Kisha akapangiwa zamu ya siku mbili Rockville. Nani angelinda shina? Akalichuma lote kabla ya kuondoka, vyeusi vikiwa vimeshaibwa vyote na vilivyobaki kijani kibichi, akavipaka jivu na kuvianika chumbani, mlango kaufunga kwa ufunguo. Mtu aliyelelewa shambani! Anajua vizuri kwamba tunda ambalo halijaiva halina mbegu ya kuotesha, ila wasiwasi ulimzidi akili.

Aprili akapanda. Mei udongo mtupu. Juni akalia jikoni kwake, mimi nikiwepo, akisema amemzika mamake mara ya pili.

Julai, akitupa taka, aliinua macho. Kwenye roshani ya Mwatime majani ya managu yalikuwa yamefurika hadi nje ya vyuma. Akapanda ngazi mbili mbili, akagonga mlango kwa ngumi.

"Uliniibia managu yangu!"

"Nilichukua, sikatai," Mwatime akasema. "Nilikuomba kwa adabu, mama Abigail, ukaninyima. Nami nilikuwa na hamu ya mnavu mpaka machozi yanitoka. Haya, waniitia polisi?"

Matusi ya mwaka mzima Bilha alikuwa nayo ulimini. Lakini nyuma ya Mwatime aliona ndoo tatu za managu, matawi yameinama kwa vitunda vyeusi, vimeiva mpaka vinadondoka sakafuni. Uzao wa mamake ulikuwa hai kwa mwizi.

"Tafadhali," akasema, "nigawie kidogo."